Njia ya Bibi ndani ya Ngome Kongwe

Mikono yangu bado ina malengelenge ya kamba. Nywele nimeosha mara mbili na vumbi la chokaa halijatoka lote. Tamasha la muziki la Sauti za Busara hapa Zanzibar limekwisha juzi, lakini kinachonirudia nikilala si muziki. Ni zile siku tatu za kabla, ua wa Ngome Kongwe mtupu, na sisi wa kujitolea tunapishana juani na mbao mabegani.

Sauti za Busara nimekua nayo. Ilianza 2004, nami nilikuwa mtoto wa Kikwajuni, nikisikia ngoma kwa mbali usiku upepo ukituletea. Mwaka 2016 haikufanyika, fedha hazikupatikana. Februari ile nilipita Forodhani jioni: urojo upo, mishikaki ipo, nyuma ya kuta zile kimya. Ndipo nilipojua kwamba jambo lile haliji lenyewe kama mvua ya masika. Mwaka huu nikaandikisha jina.

Nilidhani nitawekwa langoni kupokea tiketi. Nikapangwa na mafundi wa nyaya. Mkubwa wetu alikuwa mzee ambaye sote tulimwita Ami, na sharti lake la kwanza lilikuwa moja: ukutani hapigwi msumari. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Waomani waliijenga ngome baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, na tangu hapo imekuwa boma, ikawa jela, ikawa hata karakana ya reli ya Bububu. “Mwanangu, chokaa hii inapumua,” aliniambia, akanishikisha ukuta saa sita mchana nione ulivyo baridi. Kisha akanyoosha kidole upande wa jirani, jumba la Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hakuongeza neno.

Basi kila kitu kilisimama kwa miguu yake. Taa zikapanda kwenye vyuma, vyuma vikashikwa na kamba, kamba zikafungwa kwenye magunia ya mchanga, na magunia tukayabeba sisi. Siku ya pili kaskazi ikavuma, turubai moja likajaa upepo kama tanga la dau, tukaning'inia watu sita. Ami akatufungulisha mafundo yote tukaanza upya. Sikununa. Nilikuwa nimeona lile turubai lingeangukia wapi.

Siku ya tatu nilimfikiria Bibi. Amepita miaka sabini, goti lake moja halikunjiki vizuri. Aliwahi kujikwaa kwenye waya gizani, harusini, na tangu siku hiyo penye watu wengi usiku haendi. Taarabu anaisikiliza redioni, jikoni, peke yake, mwanamke ambaye ujanani alikuwa hakosi hata onyesho moja. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nikaenda langoni, nikatembea kwa hatua zake, fupi, mguu wa kulia ukiburuzika, mpaka mahali ambapo angekaa. Nyaya zilikatiza njia mara nne. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezitandaza mbili kati ya hizo, na nikazivuka kutwa nzima bila kuziona, kwa kuwa magoti yangu mazima.

Niliogopa kumwambia Ami, kazi ilikuwa imeshafungwa. Aliniangalia, akavua viatu, akasema, “Haya, twende kama Bibi.” Tukaitembea njia ile pamoja, polepole, yeye mikono nyuma. Tukahamisha nyaya mbili zikapita pembeni kando ya ukuta. Mbili zilizobaki, ambazo hazikuwa na pa kwenda, tukazilaza chini ya mpira, tukaweka mbao za mteremko huku na huku, na pembeni tukapaka mstari mweupe uonekane gizani. Tulimaliza adhana ya isha ikiadhiniwa. Yeyote anayeandaa shughuli, hata ya mtaani kwenu, namwomba aitembee njia yake kwa miguu ya mtu mwingine kabla watu hawajafika. Inachukua nusu saa.

Nyumbani nilimwambia Bibi nitakuja kumchukua mwenyewe. Alikataa mara mbili. Ya tatu akauliza, nivae kanga gani.

Jumamosi usiku tuliingia langoni, kaniegemea mkono. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ilikuwa inalia, fidla zikaipokea. Alikuwa ananisimulia Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyetutoka 2013, jinsi alivyokuwa akipiga ngoma ya msondo, na alipofika kwenye ubao wa kwanza akapanda, akashuka, maneno hayakukatika. Wa pili vilevile. Hakutazama chini hata mara moja.

Tulipokaa akanishika kidevu, akaniuliza mbona nimenyamaza.