Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Kilifi hadi Mtwapa na Mbwa Wawili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijagusa tanga wala injini, ninawapeleka mbwa wangu, Dafu na Pweza, ufukoni mwa hori ya Kilifi, mkono wa bahari katika pwani ya Kenya, kwa kiboti cha mpira. Hadi Mtwapa ni maili za bahari zipatazo 20, na anayesafiri na mbwa huipima safari kwanza kwa muda ambao mbwa anaweza kustahimili bila kukanyaga nchi kavu, ndipo aangalie upepo. Nchi kavu wanatembea wakiwa wamefungwa kamba, kwa sababu wavuvi wengi wa hapa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na anayeguswa na mate ya mbwa hulazimika kuosha mahali hapo mara saba, mojawapo kwa udongo. Si haki kumletea mtu adha hiyo asubuhi yote wakati kamba fupi ingeizuia.

Saa moja tunang'oa nanga. Ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalijaa kabla ya mapambazuko na sasa yanakupwa, yakitusukuma kuelekea mlangoni mwa hori. Mbwa wote wamevaa jaketi okozi zenye mpini mgongoni, kwa kuwa mbwa aliyelowa hawezi kupanda ubavu wa mashua, na bila mpini huo hakuna pa kumshika. Wavu umezunguka sitaha nzima. Mwenzangu wa kazi, naye Mwislamu, analala chumba cha mbele ambacho mbwa hawaingii kamwe, na vyombo vyao havichanganywi na vyetu, kwa utaratibu huo tunaishi vizuri, na yeye ndiye huwa wa kwanza kuniambia, "Nahodha, Pweza hajanywa maji."

Kufikia saa tatu kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, imeshika, nasi tunakwenda nayo ikitoka nyuma, upande wa kushoto. Upepo wa namna hii humpendeza nahodha, lakini ndio unaonitia hofu zaidi kwa ajili ya mbwa: usukani ukiteleza kidogo, tanga huhamia upande wa pili ghafla, na mti wa chini yake hupita kwa nguvu ya kuua. Kwa hiyo mti huo nimeufunga kwa kamba kuelekea mbele, na mbwa wamefundishwa kulala papo hapo wakisikia neno "Chini!". Mafunzo hayo tuliyafanya mashua ikiwa nangani, kwa vipande vya samaki, muda mrefu kabla ya kutoka nje ya miamba.

Saa nne Dafu anakwenda mwenyewe kwenye mkeka wa nyasi za plastiki ulioko mbele ya mlingoti; nauosha kwa kuutumbukiza baharini kwa kamba. Pweza anakataa, kama kawaida yake. Ninamwangalia kwa wasiwasi, kwa kuwa mbwa anayejizuia kwa saa nyingi huumia kimyakimya.

Kuanzia saa tano jua ndilo kazi yetu. Mbwa hapoi kwa jasho kama binadamu, hutegemea kuhema, na nyayo zake huungua kwenye sitaha ambayo kiganja changu hakiwezi kuivumilia. Tunatandaza turubai juu ya sehemu ya usukani na kumwagia sakafu maji. Kila mmoja ana uzito wa kilo 20 hivi, na hata siku ya kawaida mwili wake unataka zaidi ya lita moja ya maji. Nimewawekea lita nne kila mmoja. Anayebana maji matamu atamwona mbwa akilamba ya bahari, na chumvi hiyo humletea kutapika, kuhara, na ikizidi, kifo.

Saa saba na nusu tunaingia Mtwapa, maji yakijaa. Kabla ya kufunga tanga, Pweza yuko nchi kavu, kwa kamba, kwa kuwa mbwa aliyeachwa huru huchimba mayai ya kasa.

Saa kumi na mbili jioni nawaosha kwa maji matamu, nakausha masikio, na kutafuta kupe katikati ya vidole. Kisha naandaa kurudi. Kesho kaskazi itakuwa usoni, na kubishana nayo mchana kutwa kungewaweka mbwa baharini hadi usiku; tutaondoka saa kumi alfajiri kwa injini, upepo ukiwa bado mdogo.