Nta ya Sikonge juu ya yai la bata

Kaka ameniletea kilo mbili za nta kutoka Sikonge, safi, bado inanukia moshi wa mzingani. Kwa kawaida yote huishia kwenye batiki, vitambaa vinavyochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi. Ndiyo kazi niliyoachiwa na mama hapa Ng'ambo, na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Safari hii nimemega kipande nikakificha kwa ajili ya mayai.

Mayai yenyewe yanaitwa pysanka, sanaa ya watu wa Ukraine ya wakati wa Pasaka. Jina limetoka kwenye neno lao la kuandika, na wenyewe husema wanaliandika yai. Kalamu yao, kystka, ni kijiti chenye faneli ndogo ya chuma kwenye ncha: unatia nta, unaipasha kwenye mshumaa, inatiririka kama wino.

Nilipozielewa hatua zao nilimwita jirani aje aone, maana ni batiki tupu! Mstari wa kwanza wa nta juu ya ganda jeupe ndio utakaobaki mweupe. Unachovya yai kwenye njano, unafunika kwa nta unachotaka kibaki njano, halafu rangi ya chungwa, nyekundu, mwisho nyeusi. Kila hatua yai linazidi kufifia mkononi, limejaa nta, huoni ulichoandika. Kisha unalisogeza ubavuni mwa mwali (ukiliweka juu yake litashika masizi), nta inalainika, unafuta kwa kitambaa, rangi zote zinatokea. Mama hakuturuhusu kuchungulia sufuria wakati kitambaa kinachemshwa kutoa nta. Alitaka akitandaze uani mwenyewe kwanza. Juzi nimeshika yai langu karibu na mshumaa nikamkumbuka hadi machozi.

Kystka sina. Nimechomeka pini kwenye kifutio cha penseli, kichwa chake kikiwa nje; hata Ukraine wapo wanaotumia pini. Unachovya kichwa kwenye nta, unagusa ganda, unavuta, linatoka tone lenye mkia. Njano nimepata kwa bizari ya manjano na siki, kahawia kwa maganda ya vitunguu, ambayo hata bibi zao waliyachemsha.

Wahutsul, watu wa milima ya Karpati, wana hadithi ya joka lililofungwa minyororo: mwaka ambao pysanka ni chache, minyororo inalegea. Mji wa Kolomyia una makumbusho ya mayai haya yenye jengo lililojengwa kwa umbo la yai. Desemba 2024 UNESCO iliiweka pysanka kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Ukraine na Estonia, na Ukraine ilikuwa vitani. Hilo linanigusa kuliko yote: watu wanakimbilia mahandaki, na bado wanaandika mayai.

Yai langu la kwanza lilipasuka kwa joto. La pili lipo dirishani ndani ya kikombe cha kahawa. Leo jioni nikimaliza oda ya vitenge vya harusi naanza la tatu. Nitaliandika nyuki.