Mzinga wa Kwetu Ulioko Mombasa

Nilitoka Kibiti hadi Mombasa kwenda kuushika mzinga kwa mkono wangu. Nyumbani walinishangaa. Bibi peke yake alielewa, maana ndiye aliyenilea kwa habari za manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko ya kwetu, na za babu yake aliyechukuliwa kwenda kuvuta mizinga ya meli hiyo. Aliniagiza kitu kimoja tu: picha ya mzinga huo.

Nililala Tanga, asubuhi nikavuka mpaka Horohoro, na adhuhuri nilikuwa Likoni. Baba mdogo alikuwa akinisubiri kando ya kivuko. Yeye ni Mdigo wa hapo hapo, amemwoa mdogo wake mama, na ujana wake wote aliumaliza jeshini Kenya kwenye kikosi cha mizinga. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ameshanipokonya begi. Feri ilipoondoka alinionyesha kwa kidevu upande wa kushoto, Mtongwe, ilipo kambi ya jeshi la wanamaji, kisha akanyamaza hadi ng'ambo.

Ngome ya Yesu ilianzishwa na Wareno mwaka 1593. Kuta zake ni nene, na kona zimechongoka ili mpiga mizinga aone kila upande wa ukuta. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ningeweza kukaa humo siku nzima, lakini sikufuata kuta.

Mizinga niliyoifuata iko nje. Mmoja ni wa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani, ule wetu. Mwingine ni wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Aliyeua na aliyeuawa wamewekwa pamoja, na watoto wa shule wanapita katikati yao wakila achari za embe.

Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa mtutu. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Nilipima kwa vidole: nusu shubiri tu.

"Milimita 105," alisema baba mdogo nyuma yangu. "Mdomo huo huo wa mizinga yetu sisi. Wetu ni mwepesi, haufiki tani mbili, Landrova inauvuta, na unatupa kombora kilomita kumi na saba. Lakini mdomo ni ule ule."

Tukaketi kivulini. Nikamsimulia nilivyoyajua ya Rufiji. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi kama huu, nayo ilijibanza ndani ya delta ambako meli kubwa za Waingereza zisingeweza kuingia. Mwaka 1915 wakaleta meli mbili bapa, Severn na Mersey. Mabaharia wake hawakuiona manowari hata kidogo, mikoko iliwaziba. Aliyeona kwa niaba yao alikuwa juu, ndani ya ndege iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia na kuwapelekea ishara za redio. Tarehe 6 Julai walishindwa. Tarehe 11 wakarudi. Ndege ikapigwa, injini ikafa, na hata ilipokuwa inashuka kuelekea mtoni yule mwangalizi aliendelea kuwatumia masahihisho. Rubani na mwenzake waliokolewa majini wakiwa hai. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

Baba mdogo alisikiliza ameinamia fimbo yake.

"Basi umenisimulia kazi yangu," alisema. "Mpiga mzinga haoni anachokipiga, mwanangu. Mbele yuko mtu na ramani na redio. Kombora la kwanza likianguka, anakwambia: ongeza mia mbili, kushoto hamsini. La pili, la tatu, umeshafika. Na ukishapiga usikae hapo, kwa sababu rada ya adui inalifuata kombora lako kinyumenyume hadi mlangoni kwako. Leo Ukraine yule mtu wa mbele ni droni. Haichoki kama mimi, wala haina mama."

Nikamuuliza nchi zetu zifanye nini, maana kila sikukuu ya taifa tunaonyeshwa mizinga barabarani na tunapiga makofi.

"Gwaride linaonyesha mizinga," alisema. "Halionyeshi ghala. Mzinga usio na makombora ni bomba la maji. Ulaya yenyewe, na viwanda vyake vyote, iliahidi Ukraine makombora milioni moja kufikia Machi 2024, na tarehe ikapita hayajatimia."

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile. Tunapojadili ulinzi wa nchi huuliza umenunuliwa mzinga gani, na wa kilomita ngapi. Mizinga ya Königsberg ilitolewa majini ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akapigana nayo nchi kavu. Lakini kutoka deltani hadi Dar haikujipeleka. Mamia ya watu waliivuta kwa kamba, na jeshi la Waingereza nalo lilibebwa na wapagazi ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Pale ngomeni nilisoma jina la meli. La babu yake bibi sikuliona popote, na liliniuma.

Nikapiga picha, nikaituma, kisha nikampigia simu. Bibi alikuwa ameshaonyeshwa na wajukuu.

"Ndio huo?" aliuliza. "Mbona mdogo?"

Nilikosa jibu. Baba mdogo akaomba simu, akamwamkia, akasema, "Mama, ni mdogo ukiutazama hapa kwenye simenti. Babu yako aliuvuta kwenye tope."

Upande wa pili kukawa kimya. Halafu nikamsikia bibi akimwambia aliyeshika simu amkuzie ile picha, auone vizuri.