Nilivyopima neutrofili zinakataa maji kiasi gani, kwa simu na slaidi

Kazi yangu ya masters ilikuwa ya neutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazomeza bakteria, na supavaiza akataka nijue uso wake unakataa maji kiasi gani. Wazo lenyewe wala si gumu. Dondosha maji kwenye jani la gimbi, tone linakaa kama gololi na kuviringika, dondosha kwenye kioo kisafi linatandaa. Ile pembe kati ya tone na pale lilipokaa ndo kipimo, ikiwa kubwa uso unakataa maji, ikiwa ndogo unayapenda. Carel van Oss na wenzake kule Buffalo, Marekani, walishaifanya kwenye miaka ya 1970, na neutrofili za binadamu ziliwapa kama digrii 18. Nikajua wiki mbili nimemaliza, kumbe miezi minne.

Mashine ya kupimia pembe hatuna. Nikafunga simu kwenye stendi na kalenzi ka kukuzia, nyuma ya tone taa na karatasi nyeupe, kamera ikae usawa mmoja na slaidi. Hesabu yake: kimo cha tone mara mbili, gawa kwa upana, hiyo ni tanjenti ya nusu ya pembe. Tone la maikrolita 4 likitandaa milimita 5 na kimo kikawa milimita 0.4 unapata digrii 18 na kidogo. Sasa hiyo 0.4 ni kama karatasi nne za kuprintia zimelaliana, picha ikiwa na ukungu kidogo tu umeumia.

Damu nilitolewa mwenyewe. Nikazitenganisha seli kwa Fikoli, kimiminika kizito cha kutenganishia seli za damu, neutrofili zinazama chini pamoja na seli nyekundu, hizo nyekundu unazipasua kwa maji kwa sekunde chache halafu unarudisha chumvi haraka. Zilizobaki unazimwaga kwenye slaidi, nusu saa kwenye digrii 37, zinajishika zenyewe. Na tone la kupimia liwe la maji ya chumvi, maji matupu yatazipasua.

Majibu ya mwanzo yalikuwa vituko, leo 9, kesho 35. Nikazipaka rangi ya Gimsa kuziangalia kwenye hadubini, kumbe zina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, nilikuwa napima kioo. Nikaongeza seli mpaka zikabanana. Bado. Dada mmoja wa maabara akawa ananiangalia navyosuuza, akasema, "Mdogo wangu, hiyo si albumini? Inajipaka kwenye seli, we unapima albumini." Ni protini ya damu, nilikuwa naiweka kwenye maji ya kusuuzia ili seli zisigandane, nani aliniambia sikumbuki. Kuanzia hapo nikasuuza na maji ya chumvi tu.

Ila iliyonitesa kweli ni ukavu. Slaidi ikiwa mbichi tone linayeyukia kwenye yale maji, pembe sifuri. Ikikauka sana seli zimesinyaa, na chumvi imeganda vikristali juu yake, hapo hupimi kitu hai wala uso wake. Nikawa nasubiri dakika 20 kila siku nikiamini niko sawa, kumbe siku AC inafanya kazi hizo 20 ni nyingi, na siku umeme umekatika na joto letu hili la Dar na unyevu wake hata dakika 40 bado mbichi. Nikaacha kuangalia saa. Kila dakika tano naweka tone sehemu mpya ya slaidi, napiga picha, nachora grafu. Pembe inapanda, inapanda, halafu inatulia pale pale kwa muda, kisha inaanza kupanda tena. Pale ilipotulia ndo namba yako.

Nilivyofanya hivyo zikaanza kuja 17, 19, 18, 20. Nilikaa naiangalia ile grafu kama mtu aliyepata mtoto.

Maana kuna sababu ya kutaka namba hiyo, bakteria ambaye pembe yake ni kubwa kuliko ya neutrofili humezwa kirahisi, mwenye koti lake la sukari pembe yake ni ndogo na anateleza, mpaka kingamwili zimgande ndo pembe yake inapanda naye anamezwa.

Nikampelekea supavaiza. Akaiangalia muda mrefu, akauliza, "Hizi zimetulia. Zikishaamshwa na maambukizi je?" Kesho yake nikakunja mkono wa shati, sindano tena.