Nani atashika ufunguo wa karakana?

Tangu nirudi Lubumbashi, Kongo, baada ya miaka mingi nchini Hispania, ndugu wananiuliza nimekuja na nini na nitafungua biashara gani, ilhali mimi nimeshikwa na swali la majengo matupu: je, moja laweza kuwa nyumba ya mtaa inayoendeshwa na wakazi wenyewe? Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mtambo wa kuyeyushia madini ulianza kazi mwaka 1911. Uzalishaji wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ulipoporomoka miaka ya 1990, karakana na maghala mengi yalibaki yamefungwa, na kando ya mojawapo, karibu na reli, vijana wa mtaa wetu hufanya mazoezi ya tamthilia na karindula, muziki wa banjo wa kwetu, chini ya miembe, wakitawanyika kila mvua inapoanza.

Barcelona nilikaa karibu na Can Batlló, kiwanda cha nguo cha karne ya 19 katika mtaa wa La Bordeta. Mpango wa jiji wa mwaka 1976 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba eneo lile liwe bustani na huduma za wananchi, lakini miaka 35 ilipita bila neno kutimizwa, hadi majirani walipotangaza hadharani kwamba tarehe 11 Juni 2011 wataingia, wafunguliwe wasifunguliwe. Siku ilipofika waliingia kwa ridhaa ya halmashauri ya jiji, iliyokubali kuwaachia jengo namba 11. Leo humo mna maktaba iliyoanza kwa vitabu vya majirani, useremala, uchapaji na baa, na mwenye kauli ya mwisho ni mkutano mkuu. Nilihudhuria mkutano mmoja ambao karibu wote uliliwa na swali la nani atasafisha vyoo baada ya tamasha. Ulinichosha kupita kiasi, lakini vyoo vilisafishwa. Mwaka 2019 walipata mkataba wa kutumia mahali pale kwa miaka 30, inayoweza kuongezwa hadi 50, na kwa maoni yangu karatasi ile ina uzito kuliko kuta zote.

Nilipomweleza baba mdogo habari hizi, alicheka. Alikuwa fundi wa mashine na ni mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, hiari ambayo yeye huitamka kwa kukunja uso. «Mwanangu,» aliniambia, «sisi tulipewa vyote: nyumba, poso ya unga, hospitali, shule ya watoto, hata ukumbi wa kuchezea muziki. Aliyetupa alipochoka, hatukuwa na mazoea ya kushika ufunguo.» Kuhusu kambi za kampuni anasema kweli, kwa kuwa tangu enzi za Union Minière, kampuni ya kikoloni iliyotangulia Gécamines, burudani pia ilipangwa na wakubwa. Kwamba hatuna mazoea ya kujiendesha, hapo nampinga.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye matanga huko Katuba, na nilikaa kwa makusudi karibu na mama aliyeshika daftari. Lilikuwa daftari la shule la mistari ya miraba, lenye safu ya majina, safu ya faranga na safu ya vitu, ambamo mtu aliyekosa fedha aliandikiwa gunia la makala, yaani makaa, na mwingine viti kumi vya kuazima pamoja na jina la atakayevirudisha. Kina mama wa bukari, yaani ugali, walipokezana bila kugombana, na asubuhi hesabu ilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Hakuna kampuni iliyotufundisha hayo, wala iliyotufundisha likelemba za sokoni, yaani michango ya fedha ya kupokezana. Tena wasanii wa mji huu, Sammy Baloji akiwa miongoni mwao, walianzisha kituo cha sanaa cha Picha mwaka 2008, na kutoka humo ikazaliwa biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, inayoleta wageni kutoka mbali. Mimi ninafikiria kitu kidogo zaidi, nyumba ya mtaa ambamo mshonaji na mpiga karindula wana kura sawa.

Kinachotukosa ni haki ya kukaa. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni mali ya Dola, na majengo yana mwenyewe, hivyo baraka ya shefu wa kota, yaani mkuu wa mtaa, haitoshi: lazima mwenye jengo atie sahihi, na anayetia sahihi pamoja naye awe shirika linalotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2001 ya mashirika yasiyo ya faida. (Sheria zote mbili ni za tarehe 20 Julai, jambo lililomfurahisha sana baba mdogo.) Vijana wamezoea kumpa zamu, yaani mlinzi, kitu kidogo ili wafunguliwe lango, na nimewasihi waache, maana siku zamu mwingine akiajiriwa wataitwa wezi.

Kuna pia suala la vumbi. Udongo wa mitaa iliyopokea moshi wa mtambo una metali zilizorundikana kwa miongo mingi, na sitaki watoto walale chali kwenye sakafu ile wakiigiza kabla haijaoshwa na kupimwa. Rasimu ya barua kwa mwenye jengo imekwisha kusomwa katika mkutano wa mtaa na kurudishwa kwangu, kwa sababu nilisahau kutaja nani atalipia maji. Baba mdogo, ambaye bado hasadiki, amekubali kupanda kukagua vyuma vya paa, kwa sharti kwamba ngazi aichague mwenyewe.