Nilivyojifunza kumsikiliza Fats Waller

Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa na nyimbo za Fats Waller, mpiga piano na mwimbaji wa jazi wa Marekani, kwenye simu, na bado sikumfahamu. Nilimjua kama mchekeshaji: anaimba, anaguna, anamtania mpiga tarumbeta katikati ya wimbo, halafu anaangua kicheko. Nilimpenda hivyohivyo. Lakini mimi hupiga kinanda kanisani, na nilichokuwa nakitafuta ni mikono yake. Kila nikitega sikio kwenye piano, ile sauti inanivuta nisahau nilichokuja kusikiliza.

Simu ilizipanga nyimbo kwa herufi, ya 1942 imekaa ubavuni mwa ya 1929. Nikachukua daftari, nikaandika kila rekodi na mwaka wake, kisha nikazigawa mafungu matatu: piano peke yake, ogani, na za kikundi chake, Fats Waller and his Rhythm, kilichoanza kurekodi na kampuni ya Victor mwezi Mei 1934. Fungu la tatu lilizidi mengine kwa mbali. Kumbe ndiyo maana nilikuwa namjua nusu!

Fungu hilo la tatu nikaliweka kando kabisa. Kwa miezi miwili nikamsikiliza akiwa hasemi neno.

Nilianza na Muscle Shoals Blues ya 1922, alipokuwa na miaka 18. Ni kijana hodari, ila bado unamsikia mwalimu wake, James P. Johnson, nyuma yake. Kisha nikafika Handful of Keys, ya Machi 1929, nikakaa hapo wiki tatu nzima. Huu ndio mtindo wa stride, uliokomaa Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi jijini New York. Pigo la kwanza na la tatu, mkono wa kushoto unagonga besi chini kabisa. La pili na la nne unaruka hadi katikati ya piano kukamata sauti tatu au nne kwa pamoja, na kurudi. Unafanya kazi ya besi na ya ngoma, huku wa kulia ukikimbia unakotaka. Na mara nyingi, badala ya besi moja, Waller anashika nota mbili kwa mpigo, kwa mfano do ya chini na mi ya oktava inayofuata. Alikuwa na viganja vikubwa mno.

Changu hakifiki. Nilijaribu mpaka kifundo kikauma, nikaacha. Kilichonisaidia ni kuzivunja: do kwanza, mi papo hapo baada yake, na pedali ya kinanda izishikilie zote mbili. Nikapunguza kasi ya rekodi hadi nusu, nikawa nafanya mkono wa kushoto peke yake, baa nne kwa siku (kila baa ni mapigo manne), bila kugusa wa kulia.

Fungu la ogani lilinigusa zaidi ya nilivyotarajia. Kuanzia 1926 Victor walimrekodi kule Camden, New Jersey, katika jengo lililokuwa kanisa, kwenye ogani ya mabomba. Mtu huyu alikulia kwenye ibada. Baba yake alikuwa mhubiri, naye alimpigia kinanda tangu utotoni. Ukisikiliza St. Louis Blues ya mwaka huo, ni bluzi tupu, lakini namna anavyozivuta zile sauti ndefu hakuifundishwa kwenye vilabu. Wapiga kinanda wenzangu makanisani, anzieni hapo.

Baada ya hayo ndipo nilipojiruhusu kurudi kwenye kuimba, na nikachagua wimbo mmoja wenye sura zote mbili: Ain't Misbehavin'. Maneno yake yaliandikwa na Andy Razaf, ambaye baba yake alitoka ukoo wa kifalme wa Madagaska (sikutegemea kabisa kukutana na jirani yetu wa Bahari ya Hindi ndani ya Harlem). Waller aliurekodi kwa piano tupu mwaka 1929, na 1943 akauimba kwenye filamu ya Stormy Weather, nyusi zikicheza. Niliusikiliza wa piano mara kumi hivi, kisha nikawasha filamu na kufumba macho.

Safari hii sauti haikunivuta. Anatania, anarefusha neno, analiangusha lingine, na chini yake mkono wa kushoto umetulia tuli, haucheleweshi hata pigo moja. Nikafungua Your Feet's Too Big ya 1939, ambao nilikuwa nauchukulia kama utani mtupu kuhusu miguu ya mwanamke, nikasikia jinsi piano inavyojibu kila kejeli, kwa nota chache zilizopimwa. Alifariki Desemba 1943 ndani ya treni, kwa nimonia, akiwa na miaka 39.

Handful of Keys naipiga sasa kwa robo tatu ya kasi yake, mikono yote miwili. Zile baa nane za mwisho bado nazifanya kwa mkono wa kushoto peke yake.