Keti Kwanza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne, baada ya maombi, binti mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma. Akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne: barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Hili tumeliombea pamoja naye miaka mitatu, nami nikamkumbatia kwa furaha. Ndipo akaniwekea kidole kwenye aya ya chini. Nafasi ameipata, ufadhili hakuna, na jibu linatakiwa ndani ya wiki tatu.

Ulimi ulikuwa tayari kumwambia, "Mungu amefungua mlango, nenda!" Namshukuru Roho Mtakatifu aliyenizuia. Ada nisingeilipa mimi.

Tukafungua Luka 14:28: "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" Najua Bwana alikuwa akinena habari za kumfuata yeye, wala si habari za chuo. Ila makutano mengi yalikuwa nyuma yake siku ile, watu wamewaka moto, naye akawatolea mfano wa mtu aliyeketi. Neno hilo lilinishika.

Basi tukaketi. Akaigeuza barua, akaanza kuandika kwa penseli upande usio na maandishi. Ada. Viza. Malipo ya huduma ya afya, yanayolipwa wakati wa kuomba viza. Hela ya kujikimu ya hadi miezi 9, ambayo sharti ionekane imekaa benki siku 28 mfululizo. Nauli. Kazi ataruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Mwanawe wa miaka miwili abaki kwa bibi, maana tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili hawaruhusiwi kwenda na familia. Hapo penseli ikasimama kwa muda mrefu.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna mtu amejitolea kuniwekea hela kwenye akaunti hizo siku 28, halafu azitoe."

Wapendwa, jambo hili lipo katikati yetu na tumelizoea mno. Tunaliita msaada, wengine hata wanalitolea ushuhuda madhabahuni. Lakini hela hiyo ikishatoka, binti wa watu atakula nini Januari, kwenye baridi, mhula wa pili ukidai ada? Na lile tamko la viza atakaloliwekea sahihi kwamba hela ni yake, tutaliombeaje baraka? Nilimwambia wazi kwamba mlango wa Mungu hauhitaji ufunguo wa uongo. Akalia, nami nikalia.

Baba yake alikuwa ameshamwambia atauza kiwanja. Kiwanja ni cha mzee, ana haki ya kukitoa. Nilimwomba tu binti aende nyumbani, amsomee mzee karatasi ile mstari kwa mstari, kusudi anayetoa ajue anatoa kwa ajili ya nini na kinabaki nini.

Jana amekiandikia chuo kuomba nafasi yake isogezwe hadi mwakani, apate muda wa kutafuta ufadhili. Bado hawajajibu. Alhamisi tunafunga pamoja naye mpaka saa tisa alasiri; anayeweza aungane nasi.